Kazi za mkataba za TEHAMA: tovuti ya ajira au wakala?

Waulize watu wa TEHAMA wa Dar es Salaam au Nairobi walivyoipata kazi yao ya mwisho ya mkataba. Mmoja atakutajia LinkedIn, wa pili Upwork, wa tatu atakupa namba ya dada wa kampuni ya kuajiri na kukusihi usiseme nani kakupa. Kila mmoja atakuapia kwamba njia yake ndiyo njia, na wote watakuwa wanasema kweli, kwa sababu kila mmoja anaongelea kazi ya aina nyingine, mlipaji mwingine na makato mengine.

Kwa hiyo kabla ya kusema kipi kinashinda, mimi huanza na maswali mawili: nani anatia sahihi mkataba na mimi, na pesa inatoka kwenye akaunti ya nani? Rangi ya tovuti na ukubwa wa ofisi ya wakala ni mapambo. Hayo mawili ndiyo yanayoamua utapata kiasi gani, lini, na utamdai nani mambo yakiharibika.

Mkataba gani hasa?

Neno "mkataba" linatumika ovyo kwenye matangazo. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua mkataba usio na ukomo, mkataba wa muda maalumu ambao tangu mwanzo uliwekewa wataalamu na mameneja, na mkataba wa kazi maalumu. Kanuni za mwaka 2017 zikaongeza jambo ambalo wengi hawalijui: mkataba wa muda maalumu wa mtaalamu usipungue miezi 12.

Sasa jiulize, ile kazi ya miezi mitatu ya kuhamisha databesi ya kampuni ya bima inaingia wapi? Mara nyingi inafanywa kuwa mkataba wa huduma. Wewe si mwajiriwa, ni mtoa huduma: huna likizo, huna mchango wa NSSF wa mwajiri, na notisi ni ile tu iliyoandikwa kwenye karatasi. Si jambo baya, mradi bei yako iwe imeyahesabu hayo. Ubaya ni pale mtu anapopokea mkataba wa huduma kwa bei ya mshahara.

"Tovuti" si kitu kimoja

Watu huziweka zote kapu moja, nami naona hapo ndipo ulinganisho mwingi unapopotea. Ziko za aina tatu, na zinaendeshwa tofauti kabisa.

Ya kwanza ni ubao wa matangazo: BrighterMonday, Fuzu, sehemu ya kazi ya LinkedIn, na kwa kazi za mashirika ya misaada, ReliefWeb, ambako unaweza kuchuja upate konsaltansi, yaani kazi za ushauri, peke yake. Hapa tovuti haina mkono kwenye mkataba wako. Inaonyesha tangazo, unaomba, basi. Pesa haipiti kwao.

Ya pili ni soko la kazi huru: Upwork na Fiverr. Hapa tovuti ndiyo meza ya malipo. Mteja analipia humo, tovuti inakata chake, kinachobaki ndicho chako. Fiverr inakata 20% ya kila unachouza. Upwork ilikuwa na ngazi za 20%, 10% na 5%, mwaka 2023 ikasawazisha kuwa 10%, na tangu Mei 2025 makato ya mikataba mipya yanabadilika kati ya 0 na 15% kutegemea kazi.

Ya tatu ni mitandao ya mchujo: Toptal, Andela, Turing. Kwa sura ni tovuti, kwa tabia ni wakala. Wanakufanyia mitihani, wakikupitisha wanakutafutia mteja wa nje, wao wanamtoza mteja bei yao na wewe wanakulipa bei mliyokubaliana. Andela, iliyoanzia Lagos mwaka 2014 na kufungua Nairobi mwaka uliofuata, ilianza kwa kuwafundisha vijana kutoka chini. Mwaka 2019 ikawapunguza mamia ya wasanidi wachanga kwa sababu wateja walikuwa wanataka wazoefu. Mtu anayeingia leo akitarajia kulelewa atakuwa amechelewa.

Ukiacha hizo, kuna magrupu ya WhatsApp na Telegram ya nafasi za kazi. Ni matangazo yaleyale ya aina ya kwanza, yamenakiliwa mara kumi na tarehe ya mwisho imepita.

Na wakala naye yuko wa aina mbili

Kuna anayekutafuta, anakuunganisha, mteja anamlipa ada yake mara moja, na wewe unasaini na mteja moja kwa moja. Akishakuweka hapo, huna deni naye wala yeye hana lako. Halafu kuna anayekushika: unasaini na yeye, unakaa ofisini kwa mteja, mteja anamlipa yeye kila mwezi, yeye anakulipa wewe. Tangazo halitakuambia yuko kundi gani. Muulize.

Kisheria mawakala wa ajira Tanzania wanasimamiwa kwa Sheria ya Taifa ya Kukuza Huduma za Ajira ya mwaka 1999 na lazima wawe na leseni. Mwaka 2014 serikali ilitaka wakala aunganishe watu na waajiri tu, aache kuwakodisha wafanyakazi. Bado leo utakuta mtu ameajiriwa na kampuni A, anakaa benki B, na karatasi kati ya A na B inaitwa mkataba wa huduma. Kenya usajili wa mawakala uko chini ya Mamlaka ya Taifa ya Ajira, NEA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na kuuliza namba ya usajili si utovu wa adabu.

Lakini kwa nini mtu akubali kushikwa? Kwa sababu benki au kampuni ya simu haiwezi kukulipa wewe kama wewe. Ili uingie kwenye orodha ya wazabuni wake wanataka usajili wa biashara wa BRELA, TIN (namba ya mlipa kodi), leseni ya biashara, hati ya uthibitisho wa kulipa kodi, pengine na hesabu zilizokaguliwa. Halafu mhasibu anataka risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, ndipo aachie malipo. Nairobi ni invoisi ya eTIMS, mfumo wa kodi wa kielektroniki, na cheti cha mamlaka ya kodi, KRA. Mtu mmoja mwenye kompyuta mpakato na ujuzi wa Oracle hana hayo yote, na manunuzi hawatapindisha taratibu kwa ajili yake. Wakala anayo tayari. Kwa hiyo sehemu ya anachokata ni bei ya kukopeshwa makaratasi yake. Ukiliona hivyo, hutakasirika kwamba anakata. Utauliza tu anakata kiasi gani.

Pesa: tupige hesabu

Tuseme benki imekubali kulipa TSh 9,000,000 kwa mwezi, kabla ya VAT, kwa mtu wa databesi. Simu inapigwa.

"Kaka, habari za kazi? Nimeiona profaili yako. Tuna nafasi ya miezi 12 kwenye benki moja kubwa hapa mjini. Unategemea mshahara kiasi gani?"

Ukitaja sita, sita imekuwa. Hakuna atakayekurudishia tatu. Jibu lenye akili ni swali: "Dada, nashukuru. Nitakuwa mwajiriwa wenu au mtoa huduma? Na bajeti ya nafasi hii ni kati ya ngapi na ngapi?" Ofisa anayejua kazi yake atakupa walau sakafu na dari. Anayekataa kabisa kutaja chochote huku akitaka mshahara wako wa sasa, anatafuta sehemu ya chini ya kuanzia.

Sasa hiyo TSh 6,000,000 kama mwajiriwa wa wakala. NSSF yako ya 10% ni 600,000. Inabaki 5,400,000 ya kutozwa kodi. Kwa viwango vya PAYE, yaani kodi ya mshahara, vya Tanzania Bara, ambavyo juu ya milioni moja ni 128,000 pamoja na 30% ya ziada, unakatwa 1,448,000. Mkononi unapata 3,952,000. Wakala naye anaongeza NSSF ya upande wake 600,000, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi na tozo ya kuendeleza ujuzi. Ukitoa vyote kwenye ile tisa, kwake inabaki zaidi kidogo ya milioni mbili kila mwezi. Humo kuna faida, kuna mishahara ya ofisi yake, na kuna hatari ya benki kuchelewa kulipa huku yeye anakulipa kwa wakati, kama kweli anakulipa kwa wakati. Tutafika huko.

Kiasi hichohicho ukikilipwa kama mtoa huduma, mlipaji anashika kodi ya zuio ya 5%, yaani 300,000, na akaunti inasoma 5,700,000. Inapendeza macho. Lakini ile 5% si kodi yote. Inahesabiwa kama malipo ya awali, na mwisho wa mwaka mamlaka ya kodi, TRA, watataka hesabu kamili. Bima ya afya ni yako, akiba ya uzeeni ni yako, na wiki mbili za Desemba ambazo benki inafungia mabadiliko ya mifumo hulipwi. Kenya mambo yanafanana: zuio kwa mshauri mkazi ni 5% malipo ya mwezi yakifika KSh 24,000.

Mimi kipimo changu ni rahisi: mkataba wa huduma usinipe chini ya mara moja na nusu ya mshahara ambao ningekubali kwa kazi ileile. Wengine wanasema hiyo ni tamaa. Watu hao wengi wao bado hawajaugua wakiwa katikati ya mkataba.

Upande wa soko la kazi huru hesabu iko hivi. Mteja wa Uholanzi analipa dola 2,000 na makato ni 10%. Zinabaki 1,800, halafu kuna gharama ya kuzileta nyumbani kwa Payoneer, benki au, kwa Kenya, M-Pesa, na wewe bado una wajibu wa kuzitangaza kwa mamlaka ya kodi hata kama hakuna aliyezikata huko. Ukilinganisha na milioni mbili za wakala, makato haya ni madogo. Ila kuna gharama ambayo haionekani kwenye invoisi: kila ombi Upwork unalipia kwa Connects, tokeni za kuombea kazi, na moja ni senti 15 za dola. Kazi nyingi zinadai zaidi ya Connects 10, na ukitaka ombi lako lipande juu unaongeza zako kwa mnada. Ukiwa mgeni usiye na nyota hata moja, unaweza kutuma maombi mwezi mzima, ukitoa pesa mfukoni, kabla mtu hajakujibu. Wakala wa kweli hakutozi hata senti kukutafutia kazi. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 181 wa mwaka 1997 unasema hivyo bila kupepesa: mtafuta kazi asitozwe ada, waziwazi wala kwa kificho.

Lini utaiona hiyo pesa

Hapa ndipo maoni yangu yanapoegemea upande, na sitajifanya mpatanishi.

Upwork kwa kazi ya saa ina ratiba inayojulikana: wiki inafungwa Jumapili, mteja anapitia hadi Ijumaa, na pesa inaachiwa Jumatano inayofuata. Kazi ya bei moja, mteja ana siku 14 za kukagua na kunafuata siku 5 za usalama. Ni polepole, lakini unaweza kuiandika kwenye kalenda. Ukitaka dhamana ya malipo ya saa lazima uwashe programu yao ya kuhesabu muda, inayopiga picha ya skrini yako mara moja katika kila dakika kumi. Wapo wanaoiona hiyo ni dharau, nami siwalaumu. Lakini siku mteja akikana saa zako, picha hizo ndizo zitakazokutetea.

Kwa wakala, tafuta sentensi moja tu kwenye mkataba. Itakuwa imefichwa kwenye kifungu cha malipo na itasema, kwa lugha ya kisheria, kwamba utalipwa baada ya wakala kulipwa na mteja. Kama ipo, basi ile hatari uliyodhani unamlipa milioni mbili aibebe, amekurudishia. Mteja akikaa siku 90, na wewe utakaa siku 90. Nimeshawahi kukaa na mkataba wa namna hiyo mezani, ofisa akanieleza kwa upole kwamba "hiyo ni ya wanasheria tu, kaka, usijali." Nikamwambia kama ni ya wanasheria tu basi iondolewe. Ikaondolewa, ikawekwa tarehe 28 ya kila mwezi. Mazungumzo yenyewe hayakuzidi dakika tano.

Kwa ubao wa matangazo hakuna ratiba yoyote ya kulinganisha, kwa sababu unasaini na kampuni yenyewe na kila kampuni ina tabia zake. Mashirika ya kimataifa hulipa kwa hatua: ripoti ya kuanza, rasimu, ripoti ya mwisho. Omba hatua ya kwanza iwe mapema, kwa sababu kati ya rasimu na kukubaliwa kwa ripoti ya mwisho panaweza kupita miezi mtu fulani akiwa likizo.

CV yako inaenda wapi

Kwenye tovuti unajua umeomba wapi. Kwa wakala hujui, na hapa kuna mitego miwili ambayo vijana hawaambiwi.

Mtego wa kwanza: mawakala wawili wanaipeleka CV yako kwa mteja mmoja. Hii hutokea kirahisi, maana wote wanaitafutia mtu nafasi ileile na tangazo halitaji jina: "mteja wetu, taasisi ya fedha inayoongoza nchini." Mteja akiona jina lako mara mbili, kwa bei mbili, hataki kesi ya nani alipwe ada. Anawaweka pembeni nyote. Kinga yake ni sentensi ya kumwandikia wakala kwa barua pepe kabla hujatuma chochote: "Naomba jina la mteja, na CV yangu isiende kwake wala kwa mwingine bila idhini yangu ya maandishi." Anayesema jina ni siri unaweza kumuelewa kwa mara ya kwanza, hasa kama mteja anambadilisha mtu ambaye bado yuko kazini. Akishakuita kwenye usaili bila jina, hapo imezidi.

Mtego wa pili ni mzito zaidi, na uko kwenye tenda. Kampuni inayowania mradi wa mfumo lazima ionyeshe wataalamu wake. Tenda za ushauri zinazofuata nyaraka za Benki ya Dunia zina fomu kabisa ya CV ya kila mtaalamu, TECH-6, ambayo mtaalamu anaisaini kuthibitisha yaliyomo na kwamba atapatikana kwa kazi. Cheti chako cha CISA (ukaguzi wa mifumo) au PMP (usimamizi wa miradi) kinaipa kampuni alama. Tangazo linatoka kana kwamba kuna kazi, unatuma CV na nakala za vyeti, kisha kimya. Miezi sita baadaye unasikia kampuni imeshinda, na kiti chako amekikalia kijana wa bei nafuu. Anayetaka CV yako kwa ajili ya tenda si lazima awe mwizi, huo ni utaratibu wa kawaida wa biashara. Ila aseme ni tenda, ataje ni ipi, na muandikiane kwamba akishinda nafasi ni yako kwa bei iliyotajwa. CV ni taarifa binafsi, na Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022 zina sheria za kulinda taarifa hizo. Una haki ya kuuliza nani anayo.

Upande huu tovuti zinashinda, japo si kwa mbali. Matangazo mengi ya BrighterMonday na LinkedIn yamewekwa na mawakala walewale. Unaweza kudhani umechagua tovuti kumbe umeingia kwa wakala kupitia dirishani. Ukikuta "mteja wetu" kwenye tangazo, nakili sentensi mbili za maelezo ya kazi, zitafute mtandaoni, na mara nyingine tangazo halisi la kampuni linajitokeza kwenye tovuti yao. Omba huko.

Ubavu kwa ubavu

| | Ubao wa matangazo | Soko la kazi huru | Wakala anayekushika |
|---|---|---|---|
| Unasaini na nani | Kampuni yenyewe | Mteja, kwa masharti ya tovuti | Wakala |
| Makato | Hakuna | Upwork 0–15%, Fiverr 20% | Hayasemwi, uliza |
| Gharama ya kuomba | Muda wako | Upwork: Connects za kulipia | Hakuna, na isiwepo |
| Malipo | Kulingana na kampuni | Ratiba maalumu | Tarehe ya mkataba, au "tukilipwa" |
| Makaratasi ya kampuni | Mara nyingi unahitaji | Huhitaji | Anayo wakala |
| Kifungo baada ya kazi | Nadra | Upwork: miaka 2 na mteja huyo | Soma kifungu |

Mstari wa mwisho unahitaji neno. Upwork inakukataza kumtoa mteja nje ya tovuti kwa miaka miwili tangu mlipokutana humo, isipokuwa mtu alipe ada ya kuhama. Wakala naye huweka kifungu kwamba hutafanya kazi na mteja wake kwa muda fulani baada ya mkataba. Miezi sita naweza kuimeza. Mwaka mzima kwa mji wenye benki chache zinazotumia mfumo unaoujua wewe ni kufungiwa riziki, na unaweza kuomba kifungu kihusu idara uliyofanyia kazi badala ya benki nzima.

Nani aende wapi

Mwenye uzoefu chini ya miaka miwili: wakala hatakusaidia sana. Analipwa kwa kuleta mtu ambaye mteja hatamrudisha, kwa hiyo hawezi kukubahatisha. Ubao wa matangazo na kazi ndogo za Upwork ndiyo sehemu yako, na usishindane kwenye "natengeneza tovuti" ambako dunia nzima imejaa. Chagua jambo dogo lenye jina, mfano kuunganisha malipo ya M-Pesa kwenye duka la mtandaoni. Mteja wa Ulaya anayetaka kuuza Afrika Mashariki anatafuta neno hilohilo, na huko washindani wako si milioni.

Mtu wa mifumo ya benki, mitandao ya simu, SAP au usalama wa mifumo, mwenye miaka mitano na kuendelea, anayetaka kubaki nyumbani: wakala, bila kusitasita. Kazi hizo hazifiki kwenye ubao. Ofisa wa TEHAMA wa benki anampigia simu wakala Jumatatu, Alhamisi anataka majina matatu. Jenga uhusiano na mawakala wawili, si saba, na LinkedIn yako iandikwe kwa maneno anayotafuta yeye: jina la mfumo, toleo, sekta. "Mpenda teknolojia mwenye ari" hakuna anayemtafuta.

Msanidi programu mzuri anayeandika Kiingereza safi na mwenye intaneti isiyokatika: mitandao ya mchujo. Mitihani yake inachosha, lakini ukishaingia umeondokana na mnada wa Connects.

Mshauri mwenye kampuni yake ndogo iliyokamilika makaratasi hahitaji wakala wa kumshika hata kidogo. Aangalie ReliefWeb kwa mashirika, na tenda za serikali ya Tanzania kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ulioanza 2023. Ajira Portal ni ya utumishi wa umma. Usipoteze wiki humo ukitafuta konsaltansi.

Wanaotazama Ghuba wana hesabu ya ziada. Dubai na Muscat, kampuni inayokuajiri ndiyo iliyoombea kibali chako cha kukaa. Ukiwa chini ya wakala, mkataba ukivunjika huachi kazi tu, unaanza kuhesabu siku za kuondoka. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 inakataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, kwa hiyo "ada ya viza" anayodai wakala wa mjini kwako haina mguu wa kusimamia.

Na kuna wakala wa tatu ambaye sikumweka kwenye jedwali. Tangu mwaka 2022 Wakenya na Waganda, kwa kuwataja majirani tu, wamekuwa wakiahidiwa kazi za TEHAMA na huduma kwa wateja Thailand, wakajikuta wamevushwa mpaka kuingia Myanmar na kufungiwa kwenye kambi za utapeli wa mtandaoni. Waliorudishwa nyumbani walikuwa na vyeti na Kiingereza kama wewe. Tangazo lao lilikuwa na mshahara mkubwa kwa kazi isiyohitaji ujuzi maalumu, tiketi inalipwa na kampuni, usaili ni wa WhatsApp pekee, na viza ni ya utalii "kwa muda tu, utabadilishiwa ukifika." Viza ya utalii kwa kazi ya mkataba, haijalishi nani ameituma, achana nayo hapohapo na upeleke jina la kampuni NEA au kwa Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, kabla hujamjibu mtu.